Jiwe Halibebwi Kifuani

Sehemu ya tisa

Wiki nzima tumemwacha Jerusha amepiga magoti kwenye vumbi la Kakuma, jiwe la mamake amelikumbatia kifuani, na nyuma yake filimbi inalia. Tusimtese zaidi. Twende.

Filimbi ililia mara ya pili.

“Weka chini,” sauti ya mwanamume ilisema. Kisha ikasita. “Hapana. Usiweke. Umeshaharibu.”

Jerusha aligeuka. Aliyesimama pale alikuwa Emuria, mlinzi wa bomba, mtu mrefu mwenye filimbi shingoni na kigoda cha mbao mkononi, kile ambacho wanaume wa Turkana hukikalia mchana na kukilalia kichwa jua likizidi. Hakuwa amekasirika. Uso wake ulikuwa na kitu kibaya kuliko hasira. Alimwonea huruma.

Kwa msomaji aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, msichana huyu ana miaka kumi na tisa, na hadi jana asubuhi hakuwa amevuka geti la kwao Lodwar peke yake tangu awe na miaka kumi na miwili. Waliosoma hadithi yetu ya kwanza wanamkumbuka mamake, nesi Chepchumba, aliyeingia kwenye mafuriko ya laga, mto wa msimu, mara nane akatoka na watoto wanane, kisha akaingia mara ya tisa asirudi. Katika hadithi ile Jerusha alitajwa mara moja tu, mtoto aliyefungiwa nyumbani na babake. Hii sasa ni hadithi yake.

Na mnajua, kwa sababu tulishaelezana, kwamba waliozolewa na maji siku ile hawakufa. Wako kwa Watu wa Chini, wenye ule mto unaopita chini ya mchanga wakati huku juu laga ni kavu na mbuzi wanalala katikati yake. Kila mwaka, tarehe ya mafuriko yale, saa sita kamili ya mchana, bomba moja lililokufa zamani hutoa maji kwa muda mfupi. Na mtu mmoja hutoka. Mmoja tu, kwa zamu. Zamu hushikwa na mawe yaliyopangwa mstari mmoja kutoka kwenye bomba hadi kwenye ua wa miti ya mathenge. Kila jiwe ni mtu.

Leo ilikuwa zamu ya jiwe lenye jina CHEPCHUMBA kwa rangi nyekundu ya kucha. Na jiwe hilo lilikuwa mikononi mwa Jerusha.

“Nimeharibu nini?” aliuliza. “Nimemshika tu. Alikuwa kwenye vumbi.”

Emuria aliweka kigoda chini na kukaa, kama mtu anayejiandaa kumpa mwenzake habari za msiba. Akamweleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, jambo ambalo kila mtoto wa Kakuma hulijua kabla ya kujifunza kuhesabu. Kwenye foleni ya maji, mtungi ni mtu. Mama akitaka kwenda kupika, huacha mtungi wake ushike nafasi. Mtungi ukihitajika nyumbani, huacha jiwe. Foleni ikisogea, jirani hulisukuma jiwe lake mbele kwa mguu. Kwa mguu tu. Jiwe halishikwi kwa mkono, kwa sababu jiwe lililoinuliwa ni mtu aliyeondoka. Na aliyeondoka akirudi, anarudia mkiani.

“Kwenu huko Lodwar hamkai foleni?” Emuria alimuuliza.

Huko Lodwar maji yalitoka kwenye tangi kubwa jeusi nyuma ya nyumba, na hakuwahi kujua yaliingiaje mle. Babake, Wandera, afisa wa mifugo, alimfundisha kila kitu ndani ya ua ule: hesabu, Biblia, kupika, jinsi ya kuamkia wageni ambao hawakuja kamwe. Alimfundisha pia kwamba kugusa kitu cha mtu kwa mguu ni ukosefu wa heshima.

Ndiyo maana alipoona mwanamke mmoja akikaribia jiwe la mamake na kuunyoosha mguu, aliwahi. Aliliokota, akalifuta vumbi kwa kanga yake, akalikumbatia. Kwa heshima yote. Kwa upendo wote.

“Nyuma yake kuna mawe mangapi?” alinong’ona.

“Arobaini.”

Arobaini. Mtu mmoja kwa mwaka. Jerusha alipiga hesabu ile mara moja, kisha akaipiga tena akitumaini jibu lingine. Mamake angetoka yeye akiwa na miaka hamsini na tisa. Babake angekuwa kaburini.

Aliinamia nafasi iliyobaki wazi, duara dogo la udongo wenye unyevu ambapo jiwe lilikuwa limekaa. “Nikilirudisha sasa hivi? Hakuna aliyeona ila wewe.”

“Mimi nimeona,” Emuria alisema. “Na huyo ameona.”

Alionyesha kwa kidevu. Chini ya mnara wa tangi la kambi ya wakimbizi, kwenye kivuli kilichokuwa kikipungua, alikaa mwanamume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi na faili la kahawia kwapani. Ungemwona katika ofisi yoyote ya serikali, ungempisha kwenye ngazi na kumsahau. Lakini tangu asubuhi jua lilikuwa limechoma kila kitu, na udongo chini ya viatu vyake ulikuwa matope.

Mtu yule alifungua faili, akaandika neno, akafunga.

Jerusha alitazama juu kwenye mnara. Kivuli cha mnara kilikuwa karibu kuingia chini ya nguzo zake. Zilibaki dakika ishirini, labda pungufu. Na jambo la kipuuzi likamjia akilini, kama yanavyomjia mtu aliyepagawa: tangi hili lilikuwa kimya. Tangi la kwao lingeanza muda si mrefu kugonga, mara mbili, kisha moja, mara mbili, kisha moja, kama kila siku saa sita. Babake alisema ni plastiki, inapanuka kwa joto.

“Hili lenu haligongi?” alijikuta ameuliza.

“Tangi igonge kwa nini?” Emuria alisema. “Ina mlango?”

Wakati huo yule mwanamke aliyeunyoosha mguu alikuwa bado amesimama palepale, mguu mmoja mbele ya mwingine, kama mtu aliyepigwa picha. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung’aa, amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Hakutaka kulipiga jiwe teke. Alitaka kulisukuma mbele, lifike kwenye saruji ya bomba, lipokee maji. Alikuwa anamsaidia.

“Wewe ni binti ya Chepchumba,” mwanamke alisema. “Iko sura yake hapa.” Akajigusa paji la uso.

Jerusha aliijua sauti ile kabla ya kumjua mwenyewe. Ndiyo sauti aliyoisikia kwenye simu ya babake siku kumi zilizopita, ujumbe ambao babake aliufuta mara moja: Baba Jerusha, mwaka hii ni zamu yake, kuja na mtoto, mtu atoke akute damu yake. Ndiyo sauti iliyomfanya aruke ukuta, apande gari la Probox lililobeba mbuzi wawili, apige kilomita mia na ishirini bila kumjua mtu.

“Mama Nyakong,” alisema.

“Ndiyo mimi.”

“Lililo nyuma ya la mama ni la nani?”

Emuria ndiye aliyejibu, akitazama pembeni. Jiwe la pili lilikuwa la Nyariek, binti wa Nyakong, aliyekuwa na miaka tisa maji yalipomchukua. Sasa lilikuwa la kwanza. Na Emuria, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akamaliza kuisoma sheria: aliye mbele anaweza kumpisha mtu nafasi yake, foleni haikatazi. Ila anayepisha, naye anarudi mkiani.

Basi mlango ulikuwepo. Mdogo, lakini ulikuwepo. Jerusha aliona mlango ule na akili yake yote ikaukimbilia.

Alianguka mbele ya Nyakong, jiwe bado kifuani, akashika pindo la gauni lile la kanisani. Alimwambia mambo mengi kwa pamoja. Kwamba hakujua. Kwamba angekaa Kakuma maisha yake yote amchotee maji. Kwamba alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuagana na mamake, kwa sababu asubuhi ile alikuwa amenuna juu ya jozi ya viatu. Wanawake wengine waliokuja kusimamia mawe yao walisogea, wakasimama mbali kidogo, kama watu wanavyosimama nje ya nyumba yenye mgonjwa.

Nyakong alimsikiliza hadi akaishiwa pumzi. Kisha akachukua mikono ya Jerusha, akaifungua, akatazama viganja. Vilikuwa laini, havina hata alama moja ya mkono wa mtungi.

“Huyu baba yako alikufungia kabisa,” alisema kwa upole. Halafu akaanza kueleza, maneno yakija moja moja.

“Mwaka ile, mimi nilikuja hapa na mawe mbili siku moja. Moja ya mtoto yangu. Moja ya mama yako, juu nyinyi mko Lodwar, hakuna mtu wa kuleta. Emuria ananiuliza, gani iko mbele? Mimi nafikiria. Mama yako naingia maji mara ya tisa kwa sababu ya Nyariek. Kwa sababu ya mtoto yangu. Basi mimi naweka yeye mbele.” Akainua kidole kimoja. “Mwaka moja. Mimi napea yeye mwaka moja ya mtoto yangu. Sasa wewe nataka arobaini.”

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeonyesha mzigo aliobeba, ili mwenzake aone kwamba mikono imejaa.

“Sijasema hapana,” Nyakong aliongeza. “Unasikia? Mimi ni mtu ya kanisa. Ukiniomba mara ya pili, sijui nitasema nini. Sijui.”

Na hapo, wasomaji wangu, Jerusha alijua kwamba angeshinda. Mwanamke huyu alikuwa ameshatoa mara moja, na aliyezoea kutoa huombwa tena. Maneno mawili tu yalihitajika. Tafadhali, mama.

Alifungua mdomo.

Ndipo alipokiona kikapu. Kilikuwa miguuni pa Nyakong, kimefunikwa kwa leso, na leso ilikuwa imeteleza. Ndani yake kulikuwa na magauni matatu ya kitambaa kimoja, manjano yenye maua meupe. Dogo, la kati na kubwa. Mishono ilikuwa mipya, uzi haujakatwa vizuri.

“Kwa nini matatu?” Jerusha aliuliza.

“Sijui kama kule chini mtoto nakua,” Nyakong alisema.

Jerusha alifunga mdomo wake.

Kisha akainuka. Magoti yalikuwa meupe kwa vumbi. Alipita jiwe la Nyariek, akalipita la tatu, la nne, akatembea kando ya mstari wote wa mawe arobaini yenye majina ya watu asiowajua, na kila alipopita jiwe moja alihisi mwaka mmoja ukimshuka mwilini. Mkiani, penye ua wa mathenge, mchanga ulikuwa wa moto. Akamweka mamake chini. Akalisogeza kidogo kwa ncha ya kiatu, kwa mguu, kama inavyotakiwa, mpaka likakaa sawa na mengine.

“Nisamehe, mama,” alisema. “Nitakuja.”

Huko mbele aliona Nyakong akiunyoosha mguu, akilisukuma jiwe la binti yake taratibu hadi kwenye saruji.

Kivuli cha mnara kiliingia chini ya mnara.

Bomba lilikohoa. Likatoa kutu, kisha hewa, kisha maji. Yalidondoka kwenye saruji na hayakutiririka kwenda popote. Yalisimama. Saruji ile haikuwa na kina cha kiganja, lakini maji yaliendelea kuwa meusi, yakaendelea kwenda chini. Wanawake walianzisha wimbo wa kanisa kwa sauti ndogo, wengine kwa Kinuer, wengine kwa Kiturkana, wote kwa mwendo mmoja.

Mkono ukatokea. Mdogo, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo siku nzima.

Nyakong hakupiga kelele. Aliingia mpaka viwiko, akashika, akavuta kama mtu anavyomvuta ndama kutoka kwa mamake, na mtoto akatoka akikohoa, yuko uchi, yu hai. Hakuwa wa miaka tisa tena, wala hakuwa wa kumi na sita. Alikuwa kama wa kumi na mbili hivi. Nyakong alimvika gauni la kati. Lilimkaa sawasawa. Hapo ndipo mama yule alipoketi kwenye maji na kulia, akirudia neno moja tu, la kati, la kati, nilijua la kati.

Jerusha alilia pia. Kwa nusu dakika nzima alisahau shida yake, na najua baadhi yenu mtasema ni mjinga, lakini ndivyo alivyo.

Kisha akasogea, akachuchumaa mbele ya mtoto. Alitaka kitu kimoja tu cha kurudi nacho Lodwar.

“Nyariek, mimi ni binti wa yule nesi. Alikuwa mbele yako kwenye foleni. Yuko salama? Amesema nini?”

Nyariek alimtazama kwa macho yaliyokuwa yakijifunza jua upya.

“Mbele yangu hakuna mtu,” alisema.

“Nesi. Chepchumba.”

“Siku za kwanza alikuwa. Alinishika mkono. Halafu mtu alimwita.” Mtoto aliongea polepole, akiyatafuta maneno kama anayepapasa gizani. “Si hapa. Mahali mbali, juu, kama ndani ya bomba ndefu. Sauti ya baba. Ilisema, Sista wangu, njoo nyumbani.”

Kila mgonjwa wa Kakuma alimwita mamake Sista. Mtu mmoja tu duniani alimwita Sista wangu, na alimwita hivyo kila aliporudi Lodwar kutoka kazini, akimpokea mkoba mlangoni.

“Nesi aliniambia, niko na mtoto wangu huko juu,” Nyariek aliendelea. “Alilia. Akaniachia mkono, akapanda. Haikuwa zamu yake. Mimi nikabaki na nafasi tupu mbele yangu. Wale wa kule walikuwa wakipita kuhesabu. Wakifika hapo wanaangalia juu, wanaona jiwe liko, wanasema, sawa, yupo.”

Wimbo wa wanawake ulikatika. Emuria aliinuka kwenye kigoda chake.

“Aliruka foleni,” alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na hofu. “Miaka saba jiwe imemfunika.”

Na Jerusha ndiye aliyemfunua. Hilo hakuhitaji kuambiwa.

Mwenye shati jeupe, mmoja wa hao Watu wa Chini wanaohesabu, alikuwa ameshasimama. Alikuja kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, na kila alipokanyaga, mchanga ulibaki na nyayo zilizolowa. Alimwinamia Jerusha kidogo, kwa adabu, kama karani anayemshukuru mwananchi kwa kuleta cheti kilichopotea.

“Binti, ahsante sana,” alisema. “Miaka saba nimeandika hapa kwamba mtu yupo. Ulipoinua, nikaona pengo, nikafikiri macho yangu yamechoka. Mtoto amenithibitishia.” Akasoma ndani ya faili ni wapi kwao, akalifunga. Kisha akamgeukia kijana mmoja aliyekuwa akijaza mtungi wake kwenye bomba la pili bila kujua lolote. “Bwana, Lodwar ni mbali?”

“Mia na ishirini, mkubwa,” kijana alisema kwa furaha. “Sasa hivi utapata Probox pale barabarani.”

Mwenye shati jeupe alishukuru, akaelekea barabarani.

Jerusha alimshika Emuria mkono. Hakuwa amewahi kumshika mwanamume mkono ila babake. “Atafanya nini?”

“Aliyeruka foleni anarudishwa,” Emuria alisema. “Na aliyemrukisha anaenda pamoja naye. Wote wawili. Hao hawatoki tena, hakuna jiwe ya hao.” Akaitazama barabara. “Mama yako, kama yuko hai huku juu, ako wapi?”

Jibu Jerusha alikuwa nalo, na hakutaka kulisikia. Alichomoa ile simu ya kitochi aliyoiiba kwenye droo ya babake. Ilikuwa na simu thelathini na moja ambazo hakuzipokea. Alipiga. Wandera alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

“Jerusha. Uko wapi? Uko hai?”

“Baba, ndani ya tangi kuna nani?”

Ilisikika pumzi ya mtu anayeona ukuta alioujenga kwa miaka saba ukianguka upande wake.

“Nani amekuambia?”

“Baba.”

“Nilichimba kisima uani,” Wandera alisema, na sauti yake ilikuwa ya mzee. “Wiki moja baada ya mafuriko. Nilimwita usiku na mchana, nikamsikia akipanda. Nilikuwa mwendawazimu, Jerusha, ningemwita hata kama mbingu zingeshuka. Akaja. Lakini kwa sababu hakuja kwa zamu, hawezi kukaa nje ya maji. Ukimtoa hafiki jioni. Nikamwekea tangi. Nikakufungia wewe, wasije wakakufuata wewe wakampata yeye. Hataki umwone vile alivyo. Anagonga tu, kila saa sita, ili umsikie.”

Mara mbili, kisha moja. Jerusha akakumbuka. Mamake alipotoka zamu ya usiku, enzi zile, hakuita hodi. Aligonga mlango mara mbili, kisha moja, na mtoto mmoja alikuwa akiteremka kitandani mbio kumfungulia. Kwa miaka saba mamake alikuwa akibisha hatua kumi kutoka kwenye kitanda chake. Na yeye aliambiwa ni plastiki.

“Baba, wanakuja,” alisema. “Mmoja anakuja sasa hivi. Ni kosa langu, nitakueleza. Mhamishe.”

“Lita elfu tano,” Wandera alisema. “Nitalihamishia wapi?”

Hakuwa anabisha. Alikuwa anauliza kweli, kama mtoto.

Jerusha alikimbia. Nyuma yake alimsikia Nyakong akiita jina lake, kisha hatua za mtu anayemfuata, kisha kitu cha manjano kikatupwa begani mwake: lile gauni kubwa. “Mpelekee,” Nyakong alipiga kelele. “Mwambie ni mimi. Mwambie mkono alioachia, umetoka.”

Barabarani kulikuwa na gari moja tu. Kuelekea kusini hakukuwa na lori, hakukuwa na pikipiki, hakukuwa na hata vumbi la gari linalokuja. Probox nyeupe, injini ikinguruma, utingo akipiga mlango kwa kiganja: Lodwar mmoja, mmoja tu, tunatoka.

Mwenye shati jeupe alikuwa ameketi kiti cha nyuma, karibu na dirisha. Nafasi iliyobaki ilikuwa kando yake.

Yule aliyefungiwa nyumbani hadi jana alisimama mbele ya mlango ule. Angeweza kubaki, na gari liondoke na yule mtu, lifike Lodwar kabla ya saa nane. Au angeweza kuingia, na katika kilomita mia na ishirini angalau atafute neno, hila, kikwazo, chochote.

Aliingia. Kiti kilikuwa kimelowa. Mlango ukafungwa.

“Tumekutana tena, binti,” mwenye shati jeupe alisema kwa upole. “Unakwenda nyumbani?”

Jerusha alikumbatia gauni la manjano na kutazama nje, ambako Kakuma ilikuwa ikibaki nyuma, mnara, ua wa mathenge, mstari wa mawe. Hakujua mambo mengi ya dunia. Hakujua, kwa mfano, kwamba simu ile ya kizamani ukiishusha tu bila kubonyeza kitufe, haikatiki.

Huko Lodwar, Wandera naye hakuwa amekata. Alikuwa amefanya jambo moja ambalo mume aliyekata tamaa angeweza kulifanya. Alitembea hadi nyuma ya nyumba, akamwambia mkewe kwamba binti yake yuko kwenye laini, na akaubana mdomo wa simu kwenye ubavu wa tangi.

Ndani ya gari lililojaa watu waliokaa kimya, kutoka kwenye mapaja ya Jerusha, sauti ilitoka kubwa na safi.

Mara mbili. Kisha moja.

Mwenye shati jeupe aliinamisha kichwa, akasikiliza. Tone la maji lilimdondoka kidevuni likaangukia faili.

“Huyo anayebisha hodi,” aliuliza, “ni nani?”